Dinosaria wa Buluu

Jumapili, 11 Januari

Mwanangu Mjusi,

Hujambo huko uliko? Sisi hatujambo, isipokuwa Bibi yako goti linamsumbua. Ulimi haumsumbui hata kidogo. Anasema nikusalimu wewe mumewe, na anauliza kama umeoa mke wa pili huko au ni simu tu imekufa. Swali lake ni langu pia. Nikikupigia hupokei, nikikuandikia ujumbe unanijibu kwa kidole gumba. Mimi nimekulea tangu una meno mawili, siwezi kukaa nazungumza na kidole gumba. Ndiyo maana nimechukua karatasi.

Paa halivuji tena. Miwani yangu imevunjika mkono, nimeifunga plasta na kuitia kamba ya shingoni, na watoto wanadhani ni urembo. Mwaka huu nimepewa darasa la awali, wale wa miaka mitano na sita.

Salamu zinatosha, sasa kaa vizuri nikueleze shida yangu. Watoto wangu wote wameona ile sinema ya dinosaria. Ambaye hakuiona amesimuliwa, na aliyesimuliwa anaogopa kuliko walioiona. Asubuhi hawaingii darasani kama binadamu. Wanaingia wamepinda mgongo, mikono imekunjwa kifuani, wananguruma. Kesi za kung'atana naziamua kila siku na nimezizoea. Kinachonishinda ni korido. Choo chetu kiko mwisho wa korido ndefu isiyo na dirisha, na wamekubaliana wenyewe kwa wenyewe kwamba yule mkubwa mwenye meno anaishi huko. Hakuna anayekwenda. Wanabana mpaka wanalowa, na mimi uzee huu nafua kaptura za watoto wa watu.

Nimewaza hivi: mnyama unayemwona hakutishi kama yule usiyemwona. Mwalimu mkuu amenipa ukuta wote wa korido niupambe. Na hapa kila mtu anajua kwamba mtoto wa marehemu kaka yangu ndiye anayewapaka ngozi wanyama wa ile gemu wanayocheza kwenye simu za baba zao. Basi nichoree watano au sita, wakubwa, wa rangi, kwenye karatasi. Usinitumie kwa simu. Printa ya shule ina rangi moja tu na hiyo moja ni kijivu. Watoto watawakata kwa mkasi na kuwabandika kwa mikono yao.

Ulianza kwa kuchora mijusi kwa mkaa kwenye ukuta wangu na sikukuchapa. Leo nalidai lile deni. Nijibu kwa maandishi.

Shangazi yako


Jumamosi, 7 Februari

Shikamoo Shangazi,

Mwambie Bibi sijaoa, na siku nikitaka kuoa nitaomba ruhusa kwake kwanza. Mimi mzima, pumu ni kama imenisahau. Samahani kwa simu. Kazini tunatazama skrini kutwa, nikitoka sina hamu ya kutazama nyingine.

Ofisi yetu ni chumba kimoja kikubwa, mapazia yamefungwa mchana kweupe. Jirani yangu wa meza tunamwita Mngurumo kwa sababu kazi yake ni sauti za wanyama. Juzi amepata mlio mpya wa yule mwenye meno kwa kuburuta kabati la chuma sakafuni, akachanganya na tumbo lake mwenyewe kabla ya chakula cha mchana. Mimi ni mtu wa magamba, mikunjo na madoa. Kila rangi kwenye kompyuta ina namba yake. Namba za Shingo Ndefu, yule mla majani, nazijua kuliko namba yangu ya simu.

Nimekuchorea sita. Nimetumia rangi za maji, kitu ambacho sijakigusa tangu shule. Nilimimina kwenye visahani, nikachanganya, nikainamia karatasi mpaka pua ikapata rangi. Shingo Ndefu ndiye mkubwa kuliko wote, nimemgawa karatasi tatu, unganisha shingoni. Waambie watoto yule mwenye meno namwona kila siku huku kazini, ana kazi nyingi, hana nafasi ya kuja kuishi chooni kwao.

Usishangae maandishi makubwa. Nimepata kalamu nene na nimeipenda.

Mjusi


Jumapili, 22 Februari

Mwanangu,

Bahasha yako imefika ikiwa imekunjwa kona moja tu, na Bibi amehesabu hilo kuwa heshima. Goti limepoa kidogo. Juzi alikwenda sokoni kwa miguu, akarudi na habari za watu wote.

Siku tuliyobandika, darasa zima lilikuwa na gundi mpaka kwenye nyusi. Mwalimu mkuu alipita, akasimama, akatazama, akasema "Ehe," akaenda zake. Lakini sikiliza: kabla ya mapumziko kila mtoto aliomba ruhusa ya kwenda chooni, hata wasio na haja. Wanakwenda wawili wawili, wanamsalimu kila mnyama njiani, wanamshika mkia Shingo Ndefu, wanaingia. Tangu siku hiyo sijafua kaptura hata moja. Mungu akupe unachokitaka.

Nisaidie jambo dogo. Kuna ubishi darasani kuhusu mkia wa Shingo Ndefu. Wewe mwenyewe uliyempaka, ulimpaka rangi gani?

Ndani ya bahasha hii kuna zawadi yako. Wamechora kwenye karatasi moja, kila mtoto ametia mkono wake, na wanataka kujua umeipendaje.

Shangazi yako


Jumatano, 18 Machi

Shikamoo Shangazi,

Nimechelewa, nisamehe. Tunakimbizana na sehemu ya pili ya gemu, hata Jumapili tunaingia. Mimi mzima. Nimeacha kwenda kazini kwa baiskeli, siku hizi natembea na Mngurumo, anakaa mtaa wa pili. Kutembea ni mazoezi mazuri.

Mkia ni kijani, Shangazi. Kijani cha majani mabichi, na tumbo nimelipausha kidogo. Nani anabisha? Mwambie aje aulize aliyemchora.

Waambie wanao asante sana kwa lile yai. Ni yai zuri, na nyufa zake zimechorwa na mtu aliyewahi kuangusha yai. Nimelibandika juu ya meza yangu hapa nyumbani, nasubiri lianguliwe.

Likizo ya Aprili sitaweza kuja. Mbembeleze Bibi.

Mjusi


Ijumaa, 27 Machi

Mjusi,

Bibi hajambo, paa halivuji, mimi mzima. Salamu zimeisha.

Shingo Ndefu ni buluu. Wote sita ni buluu, buluu ya ndoo mpya ya plastiki. Nilipofungua bahasha nilidhani umetufanyia mzaha. Kuna binti mmoja darasani anayeijua gemu yako kuliko jina la baba yake, akaniuliza palepale, "Mwalimu, kwenye gemu ni kijani, mbona huyu ni buluu?" Nikamwambia nitamuuliza mwenyewe. Nikakuuliza, na wewe ukanijibu kijani cha majani mabichi.

Na wale watoto hawakuchora yai tu. Yai limeshapasuka. Kitoto kimetoka, kimesimama katikati ya karatasi, kikubwa kuliko hilo yai lililokizaa, na ni cha njano kuanzia utosini mpaka kucha. Waliipokezana kalamu ya njano mpaka ikaisha. Usoni kimevaa kitu ambacho sitakutajia. Umekibandika juu ya meza yako, unakitazama kila siku, na hukioni.

Nadhani najua unavyofanya huko. Kwenye kompyuta unapaka kwa namba, na namba haziulizi jicho lako. Kwenye visahani hapakuwa na namba. Kalamu nene, baiskeli, simu, likizo, nimeviweka pamoja vyote. Mimi ni mwalimu. Mtoto akianza kuinamia daftari mpaka pua inagusa, namhamishia mbele na kumwita mzazi. Wewe mzazi wako ni mimi.

Baba yako alikuwa fundi cherehani. Unaikumbuka mikono yake, lakini mwisho wake huukumbuki, ulikuwa mdogo. Presha ya macho ilimwingia polepole. Akaanza kutunga uzi kwa kupapasa, akasema ni mazoea. Akahamishia cherehani mlangoni, akasema ndani kuna joto. Siku moja akampa mteja suruali, mguu mmoja mweusi na mwingine wa kahawia, akasema ndiyo mtindo wa siku hizi. Tulicheka sote. Alipokubali kupelekwa hospitali, daktari alimwambia lililopotea halirudi, ila angewahi lisingepotea.

Hadithi hiyo unaijua, na nafikiri ndiyo iliyokufunga miguu. Unaona kwamba usiposikia jina la ugonjwa, ugonjwa haujawa wako. Bibi anasema mficha maradhi kilio humfichua. Mimi methali sina leo. Naogopa, mwanangu, naogopa. Nenda hospitali.

Shangazi yako


Alhamisi, 30 Aprili

Mjusi,

Hujajibu. Bibi anakusalimu. Kila pikipiki ya posta ikipita anajifanya anakwenda kuanika nguo.

Kama nimekukasirisha, nikasirikie kwa maandishi. Nitukane ukitaka, utaniomba radhi baadaye. Kimya sikiwezi. Kaka yangu alikaa kimya, mmoja ananitosha.

Nikupe habari za korido. Mwalimu mkuu alileta mapambo ya dukani, ya plastiki, wanyama wa kijani wamepangwa vizuri, akasema hawa wa buluu tuwatoe kwa kuwa si sahihi. Watoto waliposikia, wakatoka darasani bila ruhusa, wakajipanga ukutani, kila mmoja ameshika mkia wa mnyama wake. Mwalimu mkuu alisimama nao hapo mpaka akachoka yeye. Ya plastiki yamewekwa ofisini kwake.

Basi wanyama wako bado wapo, na watoto bado wanawasalimu. Wananiuliza aliyewachora yuko wapi.

Shangazi yako


Jumapili, 17 Mei

Shikamoo Shangazi,

Nilikukasirikia kweli. Barua yako ya Machi niliisoma kwa kuisogeza puani, nikaikunja, nikaiweka chini ya godoro kana kwamba godoro lingeikandamiza. Nilijiambia Shangazi ni mtu wa kukuza mambo. Kisha nikaenda kukitazama kile kitoto, nikawasha taa zote, nikapapasa karatasi. Niliona yai. Nikazima taa na kukaa kitandani.

Mambo yalianza siku nyingi. Taa za barabarani ziliota nywele kwanza. Halafu kila kitu kikawa kama nakitazama kupitia glasi ya chai. Umekisia sawa kuhusu namba, zilinibeba kazini bila mtu kujua. Na umekisia sawa kuhusu Baba. Nilikuwa na hakika ni presha ya macho, Shangazi. Nilikuwa nimeshajipangia maisha ya mtu asiyeona, nikawa nahesabu ngazi za kazini kwa miguu ili nizizoee. Nilitaka tu nimalize gemu kwanza.

Barua ya pili ndiyo iliyonimaliza. Nilipofika pale watoto walipojipanga kushika mikia, nililia kama mtoto wa awali. Asubuhi nikamwambia Mngurumo nataka anisindikize hospitali ya macho. Alichukua koti lake tu. Kwenye benchi la kusubiri akawa ananiigizia milio ya milango ya hospitali mpaka muuguzi akamkanya.

Daktari ni mama mfupi, sauti ndogo. Akanitia matone, akaniweka kidevu kwenye mashine, akatazama. Nikamwambia habari za Baba. Akapima presha ya jicho moja, akapima ya pili, akarudia tena kwa sababu nilikuwa nafumba macho. Kisha akasema, "Presha yako iko sawa kabisa. Huu ni mtoto wa jicho, macho yote mawili."

Nikamwambia sijasikia. Akarudia. Nikamuuliza una uhakika, akasema kwa umri wangu si kawaida ila hutokea, huenda ni zile dawa za pumu nilizomeza miaka mingi nikiwa mdogo. Lenzi iliyochafuka wanaitoa na kuweka nyingine, jicho moja kwanza, la pili baada ya wiki chache, na nitaona.

Mngurumo alikuwa ameweka sikio mlangoni. Alitoa sauti ambayo hajawahi kuirekodi. Tulitoka nje, tukakaa kwenye ukingo wa barabara, nikala mkate mzima bila kitu.

Si ule wa Baba, Shangazi. Nakuandikia mara ya pili kama nilivyosikia mara ya pili: si ule.

Mwambie Bibi. Tarehe ya jicho la kwanza ni wiki ijayo.

Mjusi


Jumatatu, 25 Mei

Mwanangu, baba yangu, Mjusi wangu,

Barua yako niliifungulia posta, sikuweza kufika nayo nyumbani. Nilipofika kwenye "si ule" nikakaa chini pale mbele ya dirisha la stempu. Karani akatoka mbio na maji, akanipa pole ya msiba. Nikamwambia baba, hapa hakuna msiba, nipishe nikae kidogo. Akakaa na yeye.

Bibi nilimsomea nikiwa bado na viatu. Alisema, "Si nilisema." Hakuwahi kusema, lakini nimemwachia. Kisha akainuka akacheza, na goti hilohilo bovu, akazunguka meza nzima. Sasa anauliza kama hiyo hospitali inabadilisha na magoti.

Sikukwambia, lakini tangu Machi nilikuwa nikisahihisha madaftari naiona ile suruali ya rangi mbili. Jana nimelala usiku kucha kama gunia. Leo darasani nimecheka ovyo mpaka watoto wamenishangaa. Nimewaambia mchoraji wao yuko kwa daktari wa macho na atapona. Yule binti mjuzi wa gemu akauliza kama akishapona atawapaka wanyama kijani. Wenzake wakamzomea.

Sasa nikugombeze, nimeona niyaweke haya mwishoni. Ulihesabu ngazi peke yako. Una shangazi, una bibi, una rafiki mwenye masikio ya kutosha, ukaenda kuhesabu ngazi. Ukirudia tena nitakuja huko huko na fimbo ya ubao.

Nimekuwekea picha ya korido. Usiitazame sasa, isubiri jicho. Na usilikune hilo jicho.

Shangazi yako


Jumapili, 5 Julai

Shikamoo Shangazi, na wewe Bibi mke wangu,

Macho yote mawili yamefunguliwa. Nakuandikia kwa kalamu ya kawaida, kwenye mistari, na umeona mwenyewe sijatoka nje ya mstari hata mmoja.

Baada ya jicho la kwanza nilikuwa na mchezo mmoja tu. Nafumba hili, natazama shuka, ni jeupe. Nafumba lile, natazama shuka hilohilo, limelowekwa chai. Kwenye chai hiyo buluu inageuka kijani, na njano inapotelea ndani ya weupe wa karatasi. Nilifanya hivyo mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akauliza kama ninaomba dua. Miaka yote nilidhani dunia ndiyo imechakaa. Shati la Mngurumo ambalo nilijua ni la kijivu kumbe ni zambarau, tena linawaka. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema alidhani nimelipenda.

Kazini nimewaeleza wote. Mkuu wetu akashusha pumzi, akasema wao walidhani ninaringa, kwa kuwa walikuwa wananipungia mkono toka upande wa pili wa chumba na mimi nawapita kama nguzo. Sasa naitikia salamu za miaka miwili.

Picha ya korido nimeitazama. Shangazi, ni buluu kweli. Nilicheka kiasi kwamba daktari angenisikia angenikataza. Wale watoto wasiruhusu mtu awaguse wanyama wao. Nimeomba ruhusa na nimekubaliwa: sehemu ya pili ya gemu, ndani ya pango la mwisho, atakuwepo Shingo Ndefu mmoja wa buluu. Mwambie yule binti amtafute.

Nimekata tiketi, nakuja Agosti. Nitakaa mpaka Bibi anichoke.

Lakini cha kwanza nilichotazama haikuwa picha. Siku niliyotoka hospitali na jicho la kwanza nilikwenda nyumbani moja kwa moja, sikuvua hata viatu, nikasimama mbele ya meza. Kipo. Cha njano, kinang'aa, wamekipaka mpaka nje ya mistari. Kimesimama na miguu yake mitatu, mkia mmoja, na usoni kimevaa miwani ya njano hiyohiyo yenye kamba ya shingoni, mkono mmoja umefungwa plasta.

Kumbe ni wewe. Miezi yote hiyo ulikuwa juu ya meza yangu unanitazama, na mimi nasubiri yai lianguliwe.

Wako anayeona,
Mjusi